Ikigoma naenda kwa nani?

Jumatatu iliyopita asubuhi, sijamaliza hata kupanga rimu za karatasi, kaingia mama mmoja wa Kihonda ambaye namfahamu, anauza vitenge pale soko la Chifu Kingalu. Simu yake nzuri kuliko yangu, bando lipo, salio lipo, apu ya mtandao wake ameshapakua na kila siku anaifungua kuangalia hela iliyoingia. Anataka kulipia pango la ardhi la kiwanja chake, kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, anayo kwenye meseji, tarakimu 12, imeanza na 99 kama zinavyoanza zote. Nikamwambia mama shikamoo, hii mbona unaweza kulipa ukiwa nyumbani kwako, usingehangaika kuja mpaka huku na jua hili. Akanijibu, "Marahaba. Kulipa naweza mwanangu. Ikigoma naenda kwa nani?"

Nikampa stuli akakaa. Alilipa mwenyewe, mimi sikugusa simu yake hata mara moja, nilichofanya ni kumsomea zile tarakimu tatu tatu huku yeye anaandika, alafu nikanyamaza wakati anaweka namba ya siri. Meseji ikaingia. Akaomba nimwandikie ile kumbukumbu namba kwenye daftari langu la wakala japo muamala haukupita kwangu, akasaini pembeni, akaacha buku mezani akaondoka zake.

Huu ni mwaka wa 11 nafanya hii kazi hapa Morogoro, upande mmoja wakala wa laini zote, upande wa pili stesheneri, kompyuta mbili, printa moja na skana, na swali la yule mama nimelisikia kwa maneno tofauti tofauti mara nyingi sana. Tukiitwa kwenye semina tunaambiwa wananchi hawana elimu ya mtandao, simu janja ghali, bando ghali, watu wanaogopa teknolojia. Hayo yapo, siyakatai. Ila huyu mama elimu anayo, simu anayo, bando analo, na bado katoka Kihonda kwa bodaboda kuja kukaa kwenye stuli yangu. Watu wanaotengeneza hizi huduma naomba wamfikirie mtu kama yeye kabla hawajafikiria rangi ya vitufe.

Mama yangu mzazi alikuwa hivyo hivyo. Miaka ile tunakua alikuwa anamtumia bibi hela Ifakara kwa basi. Anaweka noti kwenye bahasha, anazungushia selotepu mpaka bahasha inakuwa ngumu kama ubao, anaandika jina la bibi na jina la mjomba atakayeipokea stendi, anampa kondakta pamoja na ya soda. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 sisi huku tulikuwa tunasikia tu, mwaka uliofuata ikaja Tanzania, vibanda vikaanza kuota kila kona, na mama akagoma kabisa. Nilimwambia mama hii inafika hapo hapo, hela haipotei njiani, bei nafuu kuliko unavyompa kondakta. Akaniambia kondakta namjua sura, akinidhulumu leo kesho gari linarudi namsubiri stendi, sasa hiyo simu yako nitaisubiri stendi gani?

Wakati ule nilimwona mshamba na najutia, maana hoja yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Mimi nilikuwa namwambia mambo yakienda vizuri itakuwaje, yeye ananiuliza mambo yakiharibika itakuwaje.

Kilichomgeuza wala hakikutoka kwenye tangazo la redio. Bibi kule Ifakara alipata habari kwamba wakala wa karibu yake ni kijana wa yule mzee mwenye duka walilokuwa wanakopa sukari na mafuta ya taa tangu zamani. Basi bibi mwenyewe ndo akampigia mama simu, akamwambia nitumie kwa huyu mtoto, akinizungusha namfuata baba yake. Mama akatuma elfu ishirini ya kujaribu. Akakaa na kiswaswadu chake mkononi mpaka bibi alipopiga kusema nimeshika. Toka siku ile bahasha na selotepu zikaisha, na mpaka leo ukimuuliza mama kwanini aliiamini hataji kampuni yoyote, anamtaja yule kijana.

Nilipokuwa chuo nasoma mambo ya kompyuta tulifundishwa habari za Fred Davis, Mmarekani ambaye mwaka 1989 aliandika kwamba mtu anakubali mfumo mpya kwa vitu viwili, anaona una faida kwake na anaona ni rahisi kuutumia. Baadaye 2003 Venkatesh na wenzake, Davis mwenyewe akiwemo, wakapanua wakaongeza mambo kama watu wanaokuzunguka wanasemaje na kama kuna msaada wa kukuwezesha kutumia. Nilipasi ule mtihani vizuri. Lakini ule msaada kwenye notisi zetu ulikuwa mstari wa mwisho kabisa, mwalimu aliupitia kengele inakaribia kulia, na kwa ninavyoona kutoka huku kaunta ndo ungetangulia. Faida wateja wangu wanaiona bila kuambiwa na mtu. Wakenya walijifunza hilo mapema, ile M-Pesa walipoifanyia majaribio 2005 ilikuwa ya watu kurejesha mikopo midogo midogo, watu wakaanza wenyewe kurushiana hela, kwaiyo ilipozinduliwa ikazinduliwa kama huduma ya kutuma hela nyumbani. Hitaji lilikuwepo miaka yote, tena kondakta alikuwa anaishi kwalo.

Na kuna kitu kimoja kidogo ambacho nadhani kimefanya kazi kubwa kuliko matangazo yote, nacho ni jina. Lile jina la unayemtumia linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kaa kwenye kibanda changu siku moja utaona, watu wanalisoma kwa sauti, wengine wanampigia kabisa wanayemtumia, "eti laini yako imesajiliwa jina gani?" Kenya Safaricom waliipa hadi jina hiyo huduma, Hakikisha, na ukishakosea kutuma kuna utaratibu wa kuituma ile meseji ya muamala kwenda 456 ili kuomba irudishwe. Mtu akiona jina anahisi upande wa pili kuna binadamu.

Sasa nikupe visa viwili vya wateja wangu maana ndo vilivyonifanya niandike hii posti.

Wa kwanza ni mama ntilie wa karibu na Msamvu. Alituma 85,000 ya mtu wa mchele akakosea tarakimu moja, jina lilitokea ila foleni ya wateja wa chakula ilikuwa ndefu hakulisoma. Alikuja kwangu anatetemeka. Tukapiga huduma kwa wateja, bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri muziki, simu ikakata, tukapiga tena, tukampata mtu akasema suala limepokelewa. Akazungushwa siku tisa. Mwisho akaambiwa aliyepokea alishatoa hela yote siku ile ile. Inawezekana kweli hapakuwa na la kufanya, siwezi kujua, ila katika siku tisa zote hizo hakuna mtu mmoja aliyempigia yeye kumwambia suala lako limefika hapa, kila siku ni yeye anapiga na kila siku anaanza kuhadithia upya kwa mtu mwingine. Yule mama alirudi kwenye keshi mwaka mzima. Mtu wa mchele ilibidi awe anafuata hela yake kwa mguu.

Wa pili ni mwenyekiti wa kikoba kimoja cha Mwembesongo. Kosa lile lile, 60,000, mtandao mwingine. Tulipiga ndani ya dakika kumi, yule dada wa huduma kwa wateja akamwita kwa jina, akamwambia nimeshaizuia mama usilie, kesho mchana nitakupigia. Na kesho mchana kweli akapiga, hela ikarudi. Unajua alichofanya huyu mwenyekiti? Jumamosi yake kwenye kikao alisimama akawahadithia wanakikundi wote, na kuanzia mwezi uliofuata michango ya kikoba ikahamia kwenye simu, wanawake 22, wengine umri wa bibi yangu. Mimi ndo nilikuwa nawabembeleza hao hao miaka miwili nyuma na hawakunielewa.

Toka hapo nikaanza kuangalia kwa makini, na wateja wangu wanaotumia mtandao kwa uhuru zaidi wengi wao si kwamba hawajawahi kuharibikiwa, ni watu waliowahi kupata tatizo na likatatuliwa wakaona kwa macho yao. Asiyewahi kuharibikiwa bado ana wasiwasi maana hajui siku yake ikifika itakuwaje. Yani kampuni ikinirudishia elfu sitini yangu imefanya tangazo ambalo hakuna redio ingeweza kulifanya, na naumia nikiona hela nyingi zinaenda kwenye mabango na kwenye simu ya msaada mtu anawekewa muziki dakika ishirini.

Alafu wakaja matapeli wakachafua hapo hapo penye msaada. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" kila Mtanzania ameshaipata, hiyo imezoeleka sasa hivi. Inayoniuma zaidi ni ile ya mtu kupiga simu akajifanya ni huduma kwa wateja, anakutajia jina lako, anakwambia kuna hela imekosewa kuingia kwako bonyeza hivi na hivi. Matokeo yake mtandao wenyewe ukimpigia mteja kwa jambo la kweli anakata. Nina mteja alikatia simu watu waliokuwa wanataka kumrudishia hela yake! Ndo maana pale ukutani nimebandika karatasi kubwa, meseji za utapeli zitume kwenda 15040, na bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Watu wanashtuka sana wakikuta laini ambayo hawaijui, tunaifuatilia siku hiyo hiyo.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya wamama na wazee. Hapana. Njoo msimu wa maombi ya mkopo wa chuo uone vijana wa miaka 19 walivyojaa hapa, vijana ambao simu wanazichezea kuliko mimi, video wanakata wenyewe wanaunganisha wenyewe, na wote wamepanga foleni kulipa mtu awajazie fomu ambayo ingejazwa kwenye hizo simu zao. Zamani nilikuwa nashangaa. Siku moja nikamuuliza mmoja, kijana mpole wa Mji Mpya, akaniambia "bro nikikosea hapa ni mwaka mzima umeenda". Ona mlolongo wenyewe, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, mdhamini apatikane na kitambulisho chake, fomu iprintiwe, isainiwe serikali ya mtaa, ipite kwa hakimu au wakili, alafu kurasa ziskaniwe zipandishwe kwenye mfumo. Na majina sasa, cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cha form four Mohammed, herufi moja hiyo mtoto hajalala siku mbili.

Kwaiyo anayelipa elfu tano kwangu halipii kuchapa, anajua kuchapa. Analipia jicho la pili. Anataka kabla ya kubonyeza kutuma kuwe na mtu mzima pembeni amwambie nimeangalia, iko sawa, na kama haiko sawa atarudi kwangu na mimi niko hapa hapa sijahama. Yule kijana alikuwa amepandisha kurasa zote kasoro moja yenye sahihi ya mdhamini, tuliigundua siku zikiwa bado zipo. Leo yuko mwaka wa pili, na mdogo wake alipofika zamu alimleta kwangu.

Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu nayo niiseme japo kwa ufupi. Ilipoanza Julai 2021 kibanda kilipoa, watu wakarudi kwenye mabasi na bahasha zao kabisa, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka ule na baadaye ikaendelea kupunguzwa, wateja wakarudi taratibu. Bei ina nguvu. Hata leo mtu akikwambia "tuma na ya kutolea" anakukumbusha kwamba hela ikikaa kwenye simu kwake bado haijawa hela. Ila waliokimbia kwa sababu ya bei walirudi bei iliposhuka, waliokimbia kwa sababu waliumia hakuna aliyewasaidia, wengi wao sijawaona tena.

Kuna jambo moja linanipinga na lazima nilikubali. Zile apu za mikopo ya haraka, kausha damu ya kwenye simu, yani mikopo ya riba ya kuumiza, hazikuwa na wakala, hazikuwa na ofisi, huna wa kumshika, na watu walizikimbilia kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Nimefikiria sana kwanini. Nadhani pale kutokuwepo kwa mtu ndo ilikuwa sababu yenyewe. Mtu ana shida ya laki moja ada ya mtoto, akienda kwenye kikoba wote watajua, akienda kwa shemeji itasimuliwa msibani, lakini apu haikuangalii usoni, unajaza usiku wa manane, dakika tano hela imeingia, aibu hakuna. Aibu ina uzito sana kwetu na wanaotengeneza huduma halali wangeijali kama walivyoijali hawa.

Sasa siku ya kurejesha ikipita ndo unaona ulichosaini. Majina yote kwenye simu yako walishayachukua, wanampigia bosi wako, wanamtumia meseji mama mkwe, wanamtumia fundi aliyekutengenezea bomba mwaka juzi kwamba wewe ni tapeli unakimbia deni. Na wewe huna pa kwenda kulalamika kwa sababu ulipenda kwamba hapana mtu. Nilikuwa na dada mmoja hapa analia akaniuliza ofisi yao iko wapi, tulitafuta pamoja kwenye intaneti saa nzima hatukuiona. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya namna hiyo yaliyokuwa yanakopesha bila leseni, nikaiprinti nikabandika ukutani. Ila yule dada leo hata apu ya benki yake halali amefuta kwenye simu, na mshahara wake anapanga foleni kuuchukua dirishani.

Nimalizie na jambo la kwangu mwenyewe ambalo linanikosesha amani. Kama watu wanakuja mtandaoni kwa kupitia mtu, basi huyo mtu anabeba vitu vizito. Kuna bibi ananitajia namba yake ya siri kwa sauti mbele ya foleni nzima, nikimwambia bibi usitaje anasema wewe ni mjukuu wangu. Na pale stesheneri kwa miaka mingi tulikuwa na daftari, kubwa lile la kava ngumu, tumeandika humo paswedi za wateja, za mikopo, za maombi ya kazi, za TIN, za barua pepe, maana mteja akirudi baada ya miezi sita ameshasahau na anategemea sisi tunayo. Mamia ya watu. Lilikuwa linakaa kwenye droo isiyo na kufuli na kijana yeyote niliyemwajiri angeweza kulifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika mwaka uliofuata, na nilipoisoma nililifikiria lile daftari kabla ya kitu kingine chochote.

Mwezi wa pili mwaka huu nikalichoma. Sasa hivi mteja anaandika paswedi mwenyewe kwenye kikaratasi chake, mimi nageuka pembeni, nampa na bahasha ndogo aihifadhi na vyeti vyake. Inachukua muda, foleni inalalamika. Na toka nilichome wameshakuja watu watatu kuulizia paswedi zao, mmoja ni mzee mstaafu aliyetoka Mvomero kwa gari mbili, hajui barua pepe yake ni ipi, laini aliyosajilia ilishapotea, na aliniangalia kama mtu niliyemwangusha. Tulianza upya mchakato wa kurudisha akaunti yake, mpaka leo haijarudi.

Wenzangu wenye stesheneri, Mbeya, Tanga, Kigoma, Mombasa, popote mlipo, nyie paswedi za wateja mnazihifadhi vipi? Nauliza kweli, maana yule mzee anarudi Alhamisi.